Kijidudu ni mbegu, si sumu

Tarehe 7 Februari 2020, daktari wa macho Li Wenliang alifariki dunia mjini Wuhan, katika hospitali ile ile aliyokuwa akifanya kazi. Alikuwa hajatimiza miaka 35. Aliuawa na korona, na takwimu za mwanzo zilionyesha kuwa ugonjwa huo mpya unawaandama zaidi wazee, kwa hiyo kifo cha kijana kilitaka maelezo, na maelezo hayakukawia: madaktari wanainamia nyuso za wagonjwa kutwa nzima, wanavuta virusi vingi kwa mkupuo, ndiyo maana wakiugua wanaugua vibaya.

Maelezo hayo yalienea haraka sana. Nami niliyapokea nikayarudia kwa kujiamini, kwa sababu yanaingia akilini bila kubisha hodi. Mzigo ukiwa mkubwa, mgongo huuma zaidi. Nani abishe?

Leo nadhani swali lilikuwa halali, ila jibu tuliliharakia. Wingi wa vijidudu unaoanza navyo una nguvu kubwa katika kuamua kama utaambukizwa. Una nguvu ya kutosha katika kuamua utaanza kuumwa lini. Katika kuamua utaumwa vibaya kiasi gani, nguvu yake mara nyingi ni ndogo kuliko tunavyodhani, na kwa baadhi ya magonjwa haijaonekana kabisa. Hayo ni maswali matatu, nasi tumezoea kuyapa jibu moja.

Kosa linaanzia kwenye mfano tunaoubeba kichwani: tunamfikiria kijidudu kama sumu. Mwaka 1927 Mwingereza J. W. Trevan alipendekeza kwamba ukali wa dawa upimwe kwa kutafuta kiasi kinachoua nusu ya wanyama wa majaribio. Wataalamu wa vijidudu wakaazima kipimo hicho, nao wakawa wanatafuta kiasi kinachoambukiza nusu. Kipimo ni kizuri, lakini kilikuja na harufu ya kilikotoka. Sumu haizai. Ukimeza gramu moja, ndani yako kuna gramu moja, na mwili unaanza kuipunguza papo hapo. Ukimeza bakteria mmoja, baada ya siku mbili huenda ndani yako wamo mamilioni, au hayumo hata mmoja.

Chukua watu wawili. Wa kwanza kaingiwa na vijidudu 10, wa pili 10,000. Tofauti ni mara elfu, na kwa mantiki ya sumu wa pili ndiye wa kuhurumiwa. Sasa tuseme vijidudu hivyo huongezeka maradufu kila baada ya saa 6. Vile 10 vinahitaji kujirudufu mara 10 tu kufika 10,000 na zaidi kidogo, yaani saa 60. Tofauti ya mara elfu imegeuka kuwa tofauti ya siku mbili na nusu. Kuanzia hapo, yule wa kwanza anapita njia ile ile aliyopita mwenzake, ila kachelewa. Ndivyo gugu linavyokuwa shambani: ziangukie mbegu tano au mia tano, ardhi ikilikubali litajaa, na mbegu tano zitachukua muda mrefu zaidi kidogo.

Hesabu hiyo ni ya karatasini, bila shaka. Mwili haukai ukitazama, na nitalirudia hilo kwa sababu ndipo ubishi wote ulipo. Lakini kwanza lile swali la kuambukizwa au kutoambukizwa, ambalo wingi unalitawala kweli.

Bakteria wa Shigela, wanaoleta kuhara damu, wanaweza kumwambukiza mtu mzima wakiwa kati ya 10 na 100. Wa kipindupindu ni tofauti kabisa. Watu wa kujitolea wenye afya waliopewa bakteria hao bila kitu cha kupunguza asidi ya tumbo walihitaji mamia ya mamilioni au zaidi ndipo waugue. Walipotangulizwa baikaboneti ya kutuliza asidi hiyo, milioni moja ilitosha kwa wengi wao. Bakteria ni yule yule, tumbo ndilo lililobadilishwa. Kwa hiyo hata neno lenyewe, dozi ya maambukizi, linadanganya kidogo, maana linatufanya tudhani ni sifa ya kijidudu kama rangi au umbo, wakati namba hiyo inapatikana pale kijidudu na mlango wake wa kuingilia vinapokutana.

Na hakuna kizingiti. Hapa wengi huteleza, hata waliosoma. Tukisikia kwamba ugonjwa fulani unahitaji bakteria milioni, tunaona jeshi linalongoja likamilike ndipo livamie. Mwaka 1957 watafiti Meynell na Stocker walilipima wazo hilo kwa panya. Waliwapa mchanganyiko wa aina za salmonela zinazofanana kwa ukali lakini zinazoweza kutambulika moja moja, kisha wakachunguza panya waliougua wakafa. Kama bakteria hushambulia kwa kushirikiana, damu ya panya ingebeba mchanganyiko ule ule. Panya waliokuwa wamepewa dozi ndogo mara nyingi walikutwa na aina moja tu. Bakteria mmoja, kati ya wengi walioingia, ndiye aliyepenya akazaa kizazi kizima kilichoua. Wenzake waliishia njiani.

Kwa maneno mengine, kila kijidudu kimeshika tiketi yake ya bahati nasibu. Tiketi ya Shigela hushinda mara nyingi, ya kipindupindu kwenye tumbo lenye asidi kali hushinda mara chache mno. Ukipokea tiketi nyingi, uwezekano wa moja kushinda unapanda. Lakini ukiishashinda, zawadi haiongezeki kwa sababu ulikuwa na tiketi nyingi mfukoni. Virusi vya UKIMWI vinaonyesha jambo hilo kwa uchungu: uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba takriban robo tatu ya watu waliochunguzwa, wengi wao wakiwa wameambukizwa kwa kujamiiana, maambukizi yao yalianza na kirusi cha aina moja tu kilichofaulu kuvuka. Ugonjwa uliofuata haukuwa mdogo kwa sababu mwanzo wake ulikuwa mdogo.

Ushahidi ulio bora zaidi kuhusu swali la ukali kwa binadamu unatoka mahali ambapo leo hakuna kamati ya maadili ingeparuhusu. Katika gereza la Maryland House of Correction nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1970, wafungwa waliojitolea walinyweshwa bakteria wa homa ya matumbo kwa viwango vilivyopimwa. (Neno kujitolea, likiwa ndani ya kuta za gereza, lina walakini wake. Niligusie tu nipite.) Matokeo yalichapishwa mwaka 1970. Waliopewa bakteria 1,000 hawakuugua hata mmoja. Kwa 100,000 waliugua asilimia 28. Kwa milioni 10, nusu. Kwa bilioni moja, asilimia 95.

Muda nao ulifuata mkondo huo. Waliopewa bilioni walianza kuumwa baada ya siku 5 hivi, waliopewa 100,000 baada ya siku 9 hivi. Nilijaribu kuipima ile hesabu ya karatasini kwa namba hizi. Kutoka 100,000 hadi bilioni ni mara 10,000, sawa na kujirudufu mara 13 na kidogo. Siku 4 ukizigawa kwa idadi hiyo unapata kujirudufu kila baada ya saa 7 hivi. Ni makadirio ya juujuu, maana bakteria hao hujificha, hufa na hutawanyika kabla ya kuonekana kwenye damu, lakini yanakubaliana na picha ya mbegu vizuri kuliko nilivyotarajia.

Na ukali? Mfungwa akiishaugua, homa yake ilifanana na ya wenzake. Aliyeanza na bilioni hakuumwa vibaya kuliko aliyeanza na laki moja. Mwaka 1992 Judith Glynn na David Bradley wa London walipitia taarifa za milipuko ya salmonela, familia ya bakteria ambamo wamo na wale wa homa ya matumbo, iliyokuwa imeripotiwa, wakafikia hapo hapo kwa upande wa homa ya matumbo: hawakuona uhusiano kati ya wingi na ukali. Kwa salmonela zile zinazochafua chakula, zinazoharisha na kutapisha kwa siku chache, waliuona.

Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nisikubali kusema kwamba wingi haujalishi. Kwa nini ndugu wawili wa familia moja ya bakteria wafuate sheria mbili? Nadhani jibu lipo kwenye mwendo. Bakteria wa homa ya matumbo husafiri polepole, hupita kwenye utumbo, huingia ndani ya seli za kinga zenyewe, hukaa humo kwa siku nyingi. Homa inapoanza, kizazi kilichoingia kwa mdomo kimekwisha sahaulika, na kinachomsumbua mgonjwa ni vitukuu. Salmonela ya chakula huumiza pale pale ilipofikia, kwenye ukuta wa utumbo, ndani ya saa chache hadi siku mbili au tatu. Hapo idadi ya walioingia bado inahesabika, kwa sababu hakujapita muda wa kutosha kuifuta. Kadiri ugonjwa unavyoanza karibu na siku ya kuambukizwa, ndivyo dozi ya mwanzo inavyobaki na sauti.

Ukienda hadi mwisho wa mstari huo unakuta sumu halisi. Bakteria aina ya stafilokokasi akizaliana kwenye chakula kilicholala, humwaga sumu ambayo hata ukiwaua bakteria wenyewe kwa moto inabaki. Anayekula hapo hajaambukizwa, amelishwa sumu, na kiasi alichokula kinamuumiza kwa kiwango hicho. Ukienda upande mwingine wa kushangaza unakuta minyoo. Minyoo ya safura haizaliani ndani ya mtu. Mayai hutoka nje, na kila mnyoo mzima uliomo tumboni uliingia wenyewe, kwa kawaida ukiwa kiluwiluwi kilichotoboa ngozi ya mguu. Aina moja hunyonya takriban mililita 0.03 za damu kwa siku, nyingine hufikia 0.15 au zaidi. Ukiwa nayo kumi hutajua. Ukiwa nayo mamia, damu inapungua mwilini hadi unapauka. Hapa ile methali ya haba na haba hujaza kibaba ni sayansi tupu, na wingi wa ulichopokea ndio ugonjwa wenyewe. Kichocho kiko kundi hilo hilo. Mtu aliyejifunza maambukizi kwa kutazama minyoo atakuwa na haki ya kuamini kwamba kingi kinaumiza kuliko kichache. Matatizo huanza akiipeleka imani hiyo kwa virusi.

Kwa virusi, hoja nzito kuliko zote ya upande wa pili inatoka Guinea-Bissau. Mwaka 1979 Peter Aaby, mwanaanthropolojia kutoka Denmark, alikuwa Bissau wakati surua ilipolipuka na kuua watoto wengi. Maelezo yaliyozoeleka yalikuwa utapiamlo: mtoto dhaifu hufa. Aaby alitazama nyumba kwa nyumba akaona jambo jingine. Mtoto wa kwanza kuugua, aliyeipata surua nje, mara nyingi alipona. Wale waliofuata ndani ya nyumba hiyo hiyo, walioambukizwa na ndugu waliyelala naye chumba kimoja, walikufa kwa wingi zaidi. Akapendekeza kuwa msongamano ndio unaoua, kwa sababu anayeambukizwa kwa kukaa karibu usiku na mchana hupokea virusi vingi. Mtindo unaofanana na huo umeonekana kwenye tetekuwanga pia: mtoto wa pili nyumbani huwa na vipele vingi kuliko wa kwanza.

Nimeisoma hoja hii mara nyingi na bado inanisumbua, kwa sababu huwezi kuitupa. Ina maana ya kibaiolojia. Kinga mahususi ya mwili, ile inayojifunza adui na kumtengenezea silaha zake, huchukua muda wa wiki moja hivi kukomaa, na zile siku mbili na nusu za kutangulia nilizozipuuza kule juu zinaweza kuwa ndizo zinazoamua nani anafika kwanza, virusi au askari. Hata hivyo katika nyumba ya Bissau hakuna aliyehesabu virusi. Kilichopimwa ni nafasi ya mtoto kwenye foleni ya ugonjwa. Mtoto wa pili huenda ni mdogo kwa umri kuliko wa kwanza aliyekuwa anatoka nje kucheza. Huenda mama amechoka kuuguza. Nyumba yenye watoto wengi wa kuambukizana hutofautiana na nyumba ya mtoto mmoja kwa mambo mengi, na yote yanasafiri pamoja na msongamano. Aaby alikuwa sahihi kwamba msongamano unaua. Kwamba unaua kupitia idadi ya virusi vya siku ya kwanza, hilo ni hatua moja zaidi.

Ila haki itendeke pande zote. Ushahidi wa Maryland ninaoupenda una tundu lake, na sijaona likitajwa mara nyingi. Pale tulilinganisha wagonjwa na wagonjwa. Kwa dozi ya bilioni karibu kila mtu aliugua, wenye nguvu na dhaifu. Kwa 100,000 waliugua asilimia 28 tu, na hao si lazima wawe sampuli ya wote. Huenda ndio waliokuwa na asidi kidogo tumboni au kinga legevu. Ukiwaweka dhaifu waliopata kidogo kando ya mchanganyiko uliopata kingi, ukakuta homa zao zinalingana, huenda umekuta athari mbili zilizofutana. Dozi kubwa inaweza kuwa ilimuumiza kila mmoja zaidi kidogo bila takwimu kuonyesha. Sidhani kama athari hiyo, ikiwepo, ni kubwa, kwa vile viwango vilitofautiana mara 10,000 na bado haikujitokeza. Lakini siwezi kuapa.

Historia hupewa kazi ya kumaliza ubishi huu, na hutajwa ndui. Kabla ya chanjo, watu walichanjwa usaha wa ndui yenyewe kwenye ngozi. Kati ya waliopata ndui kwa njia ya kawaida walikufa 20 hadi 30 kwa kila mia. Kati ya waliochanjwa, mmoja au wawili. Mjini Boston mwaka 1721, baada ya mtumwa Onesimus kueleza jinsi alivyofanyiwa hivyo Afrika kabla ya kuchukuliwa, daktari Zabdiel Boylston aliwachanja watu zaidi ya 240, na waliokufa walikuwa 6. Wanaotetea nguvu ya dozi husema: tazama, kidogo huleta ugonjwa mwepesi. Mimi naona mlango mwingine wa kuingilia. Ndui ya kawaida iliingia kwa pumzi, hii iliingia kwa ngozi, na hatujui kama aliyechanjwa alipata virusi vichache kuliko aliyevuta hewa. Usaha wa ndui umejaa virusi tele.

Hilo halikuzuia wazo hilo kufufuka. Septemba 2020, Monica Gandhi na George Rutherford waliandika katika jarida la tiba la New England kwamba huenda barakoa, kwa kupunguza virusi vinavyovutwa, zinawafanya watu waugue kwa wepesi na kujenga kinga, mithili ya ule uchanjaji wa zamani. Waliliweka kama dhana, kwa tahadhari. Huku nje likageuka ahadi. Sina ugomvi na barakoa: kupunguza tiketi za bahati nasibu ni faida tosha, na dirisha lililo wazi hufanya kazi hiyo hiyo. Ugomvi wangu ni na yule anayetoka hapo akasema basi na tuupate kidogo kidogo, mwili uzoee. Mwaka 2021 jijini London, vijana 36 ambao hawakuwa wamechanjwa wala kuugua walitiliwa puani virusi vya korona kwa dozi ndogo, kadiri ya tone moja la makamasi ya mgonjwa. Kati ya 34 walioingia kwenye uchambuzi, 18 waliambukizwa. Ndani ya siku 5 hivi virusi puani mwao vilikuwa vimefikia wingi mkubwa mno. Hakuna aliyezidiwa, na hilo linaelezwa vizuri na ujana wao pamoja na uteuzi makini wa watu wenye afya. Tone lilikuwa dogo, mavuno hayakuwa madogo.

Kuna na wale wanaochanganya wingi ulioingia na wingi uliokutwa. Mgonjwa mahututi akipimwa akakutwa na virusi vingi, husemwa kwamba alipokea vingi. Kipimo hicho kinaonyesha mavuno, hakionyeshi mbegu, na kinachoamua mavuno zaidi ni ardhi.

Yupo hata mgonjwa ambaye kidogo kilimwendea vibaya kuliko kingi. Mwaka 2009 ilichapishwa kazi ya sokwe walioambukizwa virusi vya homa ya ini B kwa dozi tofauti, kutoka mabilioni hadi kirusi kimoja. Waliopata dozi za kati walivizuia virusi mapema, ini likaguswa sehemu ndogo sana. Kwenye dozi za chini kabisa, virusi vilisambaa karibu ini zima na maambukizi yakadumu. Sokwe walikuwa wachache, lakini maelezo yake yanasadikika: adui aliyeingia kwa kunyata hakuwaamsha walinzi, na walipoamka nyumba ilikuwa imejaa. Anayetaka kuupata ugonjwa kidogo kidogo afikirie na uwezekano huo.

Baadaye watafiti wa Oxford walifanya jaribio jingine la korona kama lile la London, lililochapishwa mwaka 2024. Safari hii waliojitolea, nao 36, walikuwa watu waliokwisha kuwa na kinga ya korona. Watafiti walianza na dozi ya London, wakaona haishiki, wakaipandisha hatua kwa hatua hadi ikawa mara 10,000 ya ile ya kwanza. Kwa dozi zote kwa jumla, waliopata maambukizi yaliyodumu walikuwa 5.